Ameirudisha helmeti magotini

Kisumu, Jumapili jioni

Mpendwa Nafula,

Salamu nyingi kama omena. Stima imepotea, naandika kwa tochi ya simu, kwa hivyo uvumilie mwandiko. Nimenyamaza tangu Pasaka, najua. Nyumbani hatujambo. Otieno bado anasema atauza ile gari.

Nina mteja wa ushauri nasaha ananinyima usingizi. (Nimembadilisha hapa na pale, usije ukamtafuta Kondele.) Ni mtu wa boda, aliletwa na mkewe kwa sababu ya chang'aa. Kila Alhamisi saa tatu kamili ameshafika. Anaketi, anaweka helmeti magotini na kuishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepakata mtoto wa wenyewe, kisha tunaanza kushindana. Nikitaja ini, babu yake alikunywa hadi uzeeni. Nikitaja ajali, ati akinywa ndipo anaendesha polepole. Nikitaja watoto, anasema, "Ndiyo, madam." Hiyo ndiyo inayonimaliza, maana baada yake hakuna neno lingine.

Unakumbuka tulivyopigia "ukinzani", yaani mteja kupinga kubadilika, mstari mwekundu darasani? Nilitoka pale na neno hilo kama askari mpya na rungu lake. Kwenye faili la huyu bwana nimeliandika mara nne! Na de Shazer, yule mtaalamu wa tiba ya familia, alishaufanyia ukinzani matanga tangu 1984, akisema dhana hiyo imekufa, sisi huku bado tunaulisha.

Juzi nikarudi kwa mwanasaikolojia Miller, ile makala yake ya 1983 kuhusu walevi. Mshauri akishaushika upande wa kuacha pombe, mteja anabakiwa na upande gani? Anautetea huo wa kunywa, na anavyozidi kujisikia akiutetea ndivyo anavyouamini. Halafu kuna utafiti wa Patterson na Forgatch, 1985: waliwafanya washauri wa wazazi wafundishe na kukosoa kwa muda, waache, waanze tena. Ukaidi wa wazazi ukapanda, ukashuka, ukapanda. Nilisoma hapo nikafunika uso kwa leso.

Basi Alhamisi nikajaribu. Nikamuuliza chang'aa inamfaa nini. Akanitazama kama aliyeingia ofisi isiyo yake. Baadaye akasema, "Jioni nikizima pikipiki, masikio yanaendelea kunguruma. Glasi mbili, yananyamaza." Akaiteremsha helmeti sakafuni. Nikanyamaza (mimi!). Akaongeza, pole pole, "Siku hizi hayanyamazi mpaka ya sita."

Nafula, hapo ningemrudishia tu maneno yake, au nikohoe, chochote. Nikamrukia: "Kwa hivyo umeona mwenyewe lazima uache!" Akainama, akaichukua helmeti, akairudisha magotini. "Ndiyo, madam."

Tangu siku hiyo naisikia ile "ndiyo" hata nikiosha vyombo.

Sasa shida yenyewe. Kuna kikao changu na huyu mteja cha mwezi uliopita nilichokirekodi. Yeye alikubali papo hapo, bora asikie msimamizi wangu peke yake. Msimamizi ameniambia nikisikilize kwanza mwenyewe, nihesabu ni mara ngapi nilimkata kauli. Wiki tatu sasa! Mara simu haina chaji, mara wageni, mara sauti yangu kwenye rekodi inafanana na ya Mama Chebet akigombana na makanga. Kila akiniuliza najibu, "Ndiyo, daktari." Ucheke, nimekuruhusu.

Nataka nikisikilize nikiwa na mtu wa kuninyang'anya simu nikitaka kuzima. Alhamisi nitamwomba mteja ruhusa na wewe usikie. Akikataa, basi utakaa mlangoni unilinde tu. Je, Ijumaa utakuwa Nakuru? Nikipanda matatu ya mchana nitakukuta ofisini au nije moja kwa moja Section 58? Na wewe, ulifanya nini na yule mama aliyekuwa akilala kwenye vikao? Wakati mwingine helmeti ikishuka, mikono yangu niiweke wapi? Nikimwomba msamaha kwa kumrukia, atauona ni ujinga? Na sufuria yangu kubwa bado uko nayo?

Wako,
Adhiambo