Kushusha Corolla ya zamani si kazi ya grenda

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na vijana wanaoshusha magari ya zamani, yaani kuyafanya yakae chini zaidi, hasa Corolla AE100 na AE110 ambazo bado zimejaa mitaani, na mafundi wenzangu wanaowafanyia kazi hiyo. Kushusha gari si dhambi. Likishuka kwa kiasi hutulia kwenye kona, na sura yake hupendeza. Tatizo ni namna kazi inavyoanza. Mteja anauliza tutakata mizunguko mingapi ya springi, fundi anawasha grenda, na nusu saa baadaye gari limelala. Shokapu hakuna aliyeiangalia.

Uzito wa gari hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Kwa hiyo gari lililoinamia upande mmoja, kwanza kagua springi: huenda imechoka, au imevunjika mzunguko wa chini kabisa ambako kutu hujificha ndani ya kikalio, ile sahani springi inayoikalia. Gari linalopita tuta kisha likadunda mara tatu ndilo la kukaguliwa shokapu.

Sasa hesabu. Nachukua namba za mfano, lakini haziko mbali na gari halisi. Springi ya mbele ina urefu wa milimita 340 ikiwa huru, na kila kilo 2 zinaibana milimita 1. Upande huo wa gari unaikalia kwa kilo 270, basi inabanwa milimita 135 na kubaki na 205. Ina mizunguko 5 inayofanya kazi. Ukikata mmoja, urefu unashuka hadi kama 280, na kwa kuwa mizunguko imebaki 4, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 25: sasa inataka kilo 2.5 kwa kila milimita. Ikikaliwa na kilo zilezile 270 itabanwa milimita 108 na kubaki na 172. Gari limeshuka milimita 33.

Nitakuwa mkweli, namba hiyo haina ubaya. Springi nyingi nzuri za dukani hushusha kiasi hichohicho. Ubaya unaonekana gari likiinuliwa kwa jeki. Shokapu ya kiwandani ikinyooka yote, nafasi kati ya kikalio cha chini na cha juu ni, tuseme, milimita 295. Springi yako ni 280. Zinabaki milimita 15 za hewa, na springi inazunguka kwa mkono kama bangili. Barabarani, gurudumu likiingia shimoni springi inaachia kikalio, kisha gari linaporudi chini inakaa popote inapotaka. Ule mlio wa "kong!" ambao wengi hudhani ni boljointi, kile kiungo cha duara cha gurudumu, mara nyingi ni huo. Tena ncha iliyokatwa haina umbo la kukaa kwenye kikalio, na mkwaruzo wa grenda kwenye chuma cha springi ni mahali pazuri pa ufa kuanzia.

Wale wanaochoma springi kwa gesi hadi ilale, sina maneno mengi nao. Moto huua ugumu wa chuma, springi inaendelea kulala kila wiki, na haijawahi kutokea kulia na kushoto zikalala sawa.

Watengenezaji wa Japani, kama Tanabe, RS-R, Espelir na TEIN, walilazimika kulitatua tatizo hili kwa sababu ukaguzi wa magari nchini kwao hudai mambo mawili: sehemu ya chini ya gari ibaki na sentimita 9 kutoka ardhini, na springi isilegee gari likiinuliwa. Tazama springi zao nyingi za kushushia gari. Upande mmoja mizunguko imekaribiana sana, mingine imeachana. Gari likiwa chini, ile iliyokaribiana imelala kabisa na haifanyi kazi ya kubeba. Gari likiinuliwa, inafunguka na kuijaza ile hewa ya milimita 15. Kwa hiyo ukinunua springi fupi, isimamishe mezani uisome kabla hujaangalia rangi yake. Kama mizunguko yote imeachana sawasawa na ni fupi kuliko nafasi ya shokapu yako ikinyooka, iache hapohapo dukani, au tafuta shokapu fupi ya kuendana nayo.

Ukienda Gerezani, hapa Dar, kutafuta spea, usikubali neno "zinaingiliana". Soma namba ya chesisi. AE104 na AE114 ni za kuvuta magurudumu manne. CE100 ni ya dizeli yenye injini ya 2C, nzito mbele. Springi yake ikiingia kwenye gari la petroli pua itanyanyuka, na ukifanya kinyume chake pua itazama. Springi ya nyuma ya wagoni nayo si ya sedani.

Ushushe kiasi gani? Kwa barabara zetu, milimita 25 hadi 30, basi. Mwenye kutaka 50 ajue kinachotokea chini. Kwenye Corolla, mkono wa chini wa gurudumu la mbele, wengine huuita wishiboni, umeshikwa na bushi, kiungo cha raba, upande wa ndani na boljointi upande wa nje. Gari likishuka, upande wa boljointi hupanda. Upande huo ukipanda kuliko upande wa bushi, gari huanza kuinama zaidi kwenye kona ingawa liko chini. Hapo umelipa pesa upate kinyume cha ulichotaka. Chuchumaa mbele ya gari utazame mkono huo; usiupitishe usawa wa ulalo.

Shokapu sasa. Springi ikiwa ngumu zaidi kwa robo au theluthi, shokapu nayo inapaswa kuwa na nguvu zaidi ya kutuliza, kama asilimia 10 hadi 15. Shokapu mpya ya kawaida ya gesi, kwa mfano KYB Excel-G, inaweza kuimudu springi iliyoshuka milimita 25. KYB hao hao wana New SR Special, yenye nguvu zaidi ya kutuliza. Ukiipata ya chesisi yako, chukua hiyo. Shokapu iliyotoka na gari Japani na kuzunguka miaka 25 usiipe springi ngumu. Itakufa ndani ya miezi, na lawama zitaiangukia springi.

Ukinunua iliyotumika, ichunguze palepale. Pitisha ukucha kwenye fimbo yake inayong'aa: ukinasa mkwaruzo, sili, ile raba inayozuia mafuta, itakatika. Unyevu wa mafuta chini ya sili ni alama ya kuondoka. Isimamishe, ibane hadi mwisho na kuivuta mara tano. Ukinzani uwe sawa safari nzima; ikiteleza bure kidogo kila inapogeuka, valvu zake zimekwisha, au kama ni mara za kwanza tu, ni hewa iliyoingia ilipolazwa. Ya gesi huinuka yenyewe polepole ukiiachia. Na nunua jozi, kulia na kushoto pamoja.

Raba ya stopa, ile inayozuia shokapu isigonge mwisho wake, ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Ukishusha gari milimita 30, umeikaribia kwa milimita 30. Mafundi wengine huitupa ili gari lisigonge. Matokeo yake fimbo inapiga chini ya shokapu chuma kwa chuma, na valvu inapasuka. Iache, au kama maelekezo ya springi yanasema, ikate kiasi kilichotajwa. Maunti ya juu (kishikio cha shokapu kwenye bodi), beringi yake na dasti kava (kifuniko cha vumbi cha fimbo) vibadilishe siku hiyohiyo, kwani kuvifikia tena ni kurudia kazi nzima.

Katika kufunga, hatari iko kwenye nati ya katikati juu ya shokapu. Zile tatu za pembeni ndizo za kufungua ili shokapu itoke kwenye gari. Ya katikati haiguswi mpaka springi iwe imebanwa na kibanio cha pande mbili zinazotazamana, na imelegea ndani ya vikalio. Katika mfano wetu springi ya kiwandani imebanwa milimita 45 hata gari likiwa hewani, yaani kilo 90 zinakusubiri usoni. Fimbo usiishike kwa koleo. Mpira wa breki ufungue kwenye shokapu kabla hujaachia nako, kile chuma kinachoshika gurudumu, ining'inie. Shokapu mpya ipampu ikiwa imesimama, mara nne au tano, kabla ya kuifunga. Ncha ya chini ya springi iguse ukingo wa kikalio chake.

Halafu kosa ambalo hata gereji kubwa hulifanya: kukaza boliti za bushi za mikono gari likiwa juu ya jeki. Bushi hizi ni raba iliyoshikana na chuma, hazizunguki, zinajipinda. Ukizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishuka zinakaa zimejipinda mchana na usiku na kuchanika mapema. Legeza boliti hizo, shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache, kisha kaza.

Kipimo cha kushuka usikichukue kutoka ardhini, maana tairi hudanganya. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, kabla na baada. Aliyetoka tairi ya 175/70R13 akaweka 185/60R14 hajabadilisha kitu, kipenyo ni karibu kilekile. Aliyeweka 195/45R15 tayari amelishusha gari milimita 9 kabla ya kugusa springi, na ajumlishe hizo kwenye hesabu yake.

Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ni lazima. Gari likishuka magurudumu huinamia ndani na mwelekeo wake hubadilika, na ule mwelekeo ndio hula tairi upande wa ndani kwa kasi zaidi. Tairodi, zile fimbo za usukani, zitarekebisha mwelekeo wa mbele. Kuinama kwa mbele hakuna pa kurekebishia mpaka uweke boliti yenye kiuno chembamba pale shokapu inaposhika nako.

Mwisho, kabla ya kurudisha dasti kava, funga kamba ndogo ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu na kuisukuma hadi chini. Pakia watu wanne, pita matuta ya njia yako ya kila siku, kisha funua uangalie. Pale kamba iliposimama ndipo shokapu ilipofika. Ikiwa imesukumwa mpaka ndani ya raba ya stopa kwenye tuta la kawaida, springi hiyo ni fupi mno kwa gari hilo, hata kama kwenye picha limependeza.

Fundi wa miguu ya magari,
Ilala, Dar es Salaam