Chembe za damu kupangana si ushahidi wa "sumu mwilini"

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaowatoboa watu kidole, wakaonyesha tone la damu kwenye skrini na kutangaza: "Ona chembe zako zilivyoshikana, damu yako ina asidi!" Sekunde chache baadaye chupa ya kusafisha damu inatoka mkobani.

Mimi ni mtu wa maabara. Chembe nyekundu zilizopangana kama sarafu si ngeni kwangu, na hazipimi asidi. Kwa kawaida chembe hizo zina chaji hasi, hivyo hufukuzana. Protini kama faibrinojeni au globulini zikizidi kwenye plazima, yaani majimaji ya damu, nguvu hiyo hufifia, zikalaliana. Chanzo chaweza kuwa maambukizi, baridi yabisi, hata ujauzito tu. Chembe zilizopangana zikiwa nyingi, na mgonjwa ni mtu wa makamo mwenye upungufu wa damu na maumivu ya mifupa, daktari ataiwazia myeloma, saratani ya uboho, na kuagiza vipimo vya protini.

Lakini tone nene, au lililokaa kidogo chini ya kioo, hupanga chembe hata za mtu mwenye afya tele! Ndiyo maana sisi husoma sehemu nyembamba ya slaidi. Tukitilia shaka, tunaongeza maji ya chumvi ya maabara: chembe zilizopangana huachana, zilizogandishwa na kingamwili hubaki mafungu. Hao wa skrini sijamwona hata mmoja akijisumbua hivyo.

Aliyetishwa na picha hizo aende hospitali, aombe picha kamili ya damu na ESR, kipimo cha kasi ya chembe nyekundu kuzama.

Fundi sanifu maabara