Kwa Zuhura, habari za tabibu wa Cordoba

Tanga, Ijumaa jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila magoti ya mama ni yale yale. Barua yako imenichekesha, hasa uliposema vyombo mnavyopeana chumba cha upasuaji vina majina ya Wazungu watupu, kana kwamba kabla yao watu walipasuana kwa shoka.

Basi mjue Abul Qasim al-Zahrawi, mtu wa Cordoba, Andalusia (Hispania ya Waislamu), aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11. Kitabu chake cha tiba, al-Tasrif, kina sehemu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, na humo kachora vyombo vipatavyo 200: visu, koleo, misumeno, vyuma vya kuchomea.

Lakini kisa kilichoninyima usingizi ni cha mjakazi aliyejichoma kisu kooni. Al-Zahrawi akaitwa, akamkuta anakoroma kama mnyama aliyechinjwa. Akatazama: damu kidogo, mishipa mikubwa mizima, pumzi inatokea jerahani. Akamshona, akamuuguza hadi akapona, akabaki na sauti ya kukwaruza tu. Ndipo akaandika kwamba kumbe kupasua koo hapo si hatari. Pia anamsimulia tabibu mjinga aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa, mama wa watu akavuja damu mpaka akafa palepale mbele yake.

Karne ya 12, Gerard wa Cremona akaifasiri sehemu hiyo kwa Kilatini kule Toledo, na jina la al-Zahrawi likageuka Abulcasis. Guy de Chauliac, tabibu wa Papa huko Avignon, alimnukuu tele katika kitabu chake cha mwaka 1363. Mwaka 1497 upasuaji wa hao wawili ukachapwa pamoja Venice. Guy angalau alimtaja mwenzake. Konstantino Mwafrika, mtawa wa Monte Cassino, Italia, alikuwa ameshafasiri kitabu cha Ali ibn Abbas al-Majusi, tabibu Mwajemi, bila kumtaja mwenyewe! Kwetu huo ni wizi wa mchana.

Sasa nina ombi. Ile koleo unayosema inakubana vidole, nichoree, hata vibaya, umpe kondakta wa basi aniletee. Nimepata picha za kurasa zake al-Zahrawi, nataka niziweke pamoja nione.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mwanaidi