Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na fedha namwachia Mhazini. Langu ni kazi yenyewe ya chama chetu: kuiga kwa kompyuta maji na mvuke yanavyotoka pamoja bomba la kinu cha nyuklia linapopasuka.

Nchi yetu haina kinu cha umeme wa nyuklia, kwa hiyo mwaka huu tulijipima kwa jaribio la Edwards na O'Brien wa Uingereza, lililochapishwa 1970. Bomba lina urefu wa mita 4.096 na kipenyo cha milimita 73, limejaa maji yenye shinikizo la megapaskali 7 na joto la nyuzi 229 za Selsiasi hivi. Kizibo cha kioo kikivunjwa, shinikizo huporomoka mara moja hadi karibu megapaskali 2.7, ambapo maji ya joto hilo huanza kuchemka, kisha husitasita hapo mvuke ukizaliwa. Nusu sekunde tu, karibu yote yamekwisha.

Milinganyo ya hesabu yetu ni sita: tungamo, momenta (tungamo mara kasi) na nishati, ya maji kivyake na ya mvuke kivyake. Bomba likigawanywa kihesabu vipande 20, kila kimoja sentimita 20 hivi, mchoro wa matokeo hutoka laini na kupendeza. Ongeza vipande, mchoro unaanza kutetemeka. Wengi hukimbilia kupunguza hatua ya muda (muda kati ya hesabu moja na inayofuata), na mtetemo haukomi. Kosa limo kwenye milinganyo: maji na mvuke vikipewa shinikizo moja bila nyongeza yoyote, mawimbi mafupi hukua bila kikomo, na vipande vikubwa vilikuwa vinayafunika tu. Dawa zinazotumika ni kuingiza shinikizo la mpakani (shinikizo pale maji na mvuke vinapogusana) au tungamo pepe la viputo (maji yanayosukumwa na viputo vinapoongeza kasi). Ulaini wa mchoro, kwa maoni yangu, ndio uliotupotezea muda mwingi zaidi.

Wanaoendesha hesabu usiku waiagize programu ihifadhi hali yake mara kwa mara. Umeme wa mtaani mnaujua.

Mwakani mchoro usio na ulinganisho wa angalau gridi tatu, yaani idadi tatu tofauti za vipande, hautajadiliwa kikaoni. Pia tutahamia kwenye fimbo za fueli, maana bomba la Edwards halina chanzo cha joto na halisemi lolote kuhusu gamba la fueli, yaani ganda la metali linaloifunika fueli, ambalo kwa kanuni za Marekani halipaswi kupita nyuzi 1,204. Wenye kompyuta za kumbukumbu kubwa wajiandikishe kwa Katibu.

Mwenyekiti