Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuhusu vipimo vya umeme vya dawa za kulevya

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa mkemia ninayechunguza vielelezo vya dawa za kulevya, na nina ombi moja: kabla askari hawajakabidhiwa vifaa vya kupima dawa hizo kwa njia ya umeme, vifaa hivyo vijaribiwe kwa unga unaokamatwa mitaani, uliokwisha kuchanganywa mara nyingi, wala si kwa kokeini safi ya maabara peke yake.

Teknolojia yenyewe naiunga mkono kwa dhati. Kipimo cha rangi kilichozoeleka, cha kobalti thiosianeti, hugeuka buluu kikikutana na kokeini, lakini hugeuka buluu pia kwa lidokeini, ambayo ni dawa halali ya ganzi. Nimewahi kupokea kielelezo ambacho fomu yake ilisema ni kokeini, nami nikakuta lidokeini tupu. Aliyekamatwa nacho alikuwa amekwisha kukaa mahabusu wiki kadhaa. Tena unga ukitiwa rangi nzito, jicho halioni mabadiliko yoyote ya kuaminika.

Umeme haujali rangi. Tone la myeyusho wa unga huo huwekwa juu ya elektrodi (kipitishio cha umeme) ya kaboni iliyochapwa kwenye kipande kidogo cha plastiki, volti hupandishwa hatua kwa hatua, na kila kemikali inayopoteza elektroni huonyesha kilele cha mkondo kwenye volti zake. Msingi wa njia hii uliwekwa na mkemia wa Kicheki Jaroslav Heyrovský mwaka 1922, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1959; kilicho kipya ni kwamba kifaa sasa kinashikika mkononi na jibu hupatikana papo hapo.

Ugumu umo katika kukisoma kilele hicho. Kokeini huonyesha chake karibu na volti 1, kutokana na naitrojeni iliyomo katika molekuli yake, na naitrojeni ya aina hiyo imo pia katika dawa nyingine nyingi, halali na haramu. Zaidi ya hapo, levamisoli, dawa ya minyoo ya mifugo ambayo wauzaji huichanganya na kokeini, inaweza kuifunika ishara ya kokeini hata kifaa kikaripoti kwamba haimo. Watafiti wameonyesha kwamba kubadili pH ya myeyusho, yaani kiwango chake cha asidi au besi, kwa mfano kuipandisha hadi 12 (besi kali), husaidia kuzitenganisha ishara hizo. Kwa hiyo kifaa kinachouzwa bila maelezo ya pH yake na ya vichanganyio kilivyojaribiwa navyo hakistahili kununuliwa, hata kiwe cha bei nafuu kiasi gani.

Naomba basi mkataba wa manunuzi umlazimishe muuzaji kukabidhi matokeo ya majaribio kwa michanganyiko yenye lidokeini, levamisoli, kafeini na parasetamoli, pamoja na idadi ya mara kifaa kilipokosea kwa kila upande, yaani kiliposema kokeini imo ilhali haimo, na kiliposema haimo ilhali imo. Naomba pia kanuni itamke wazi kwamba jibu la kifaa ni la awali tu, na kwamba hakuna atakayetiwa hatiani kabla kielelezo chake hakijathibitishwa maabara kwa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometria ya masi, njia inayotenganisha kemikali kisha kuzitambua moja moja kwa uzito wa vipande vya molekuli zake, au kwa njia nyingine yenye uwezo kama huo. Fomu ya askari iandikwe “inashukiwa kuwa kokeini”, na sehemu ya “imethibitishwa” iachiwe mkemia aijaze.

Wako mtiifu,
Mkemia wa uchunguzi wa jinai