Anayesahau dawa si mkaidi

Mheshimiwa Mhariri,

Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Bagira, mgonjwa wa baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au wa sonona ambaye pia anakunywa kanyanga, pombe kali ya kienyeji, huhukumiwa kwa maneno mawili: kichwa ngumu. Aliambiwa arudi hospitali Jumanne, hakurudi. Alipewa vidonge, vimebaki mfukoni. Sisi tunaohudumia wagonjwa hawa tunaomba nafasi tuseme kwamba mara nyingi kilichoshindwa hapo ni ubongo, si nia.

Mwenye baipola anaweza kuwa ametulia kabisa, analala vizuri, anaongea kwa adabu, na bado asishike maneno aliyoyasikia dakika kumi zilizopita, wala asiweze kupanga kazi ya hatua tatu. Pombe nayo hupiga mlemle, sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga mambo na kuzuia pupa. Chupa ya bia ya sentilita 72 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 28 za kilevi. Kanyanga haina kipimo; mnywaji mwenyewe hajui ameingiza kiasi gani.

Kosa kubwa ni haraka. Aliyeacha pombe ghafla huanza kutetemeka siku ya kwanza, mishtuko kama ya kifafa yaweza kumpata kati ya saa ya 6 na ya 48, na kuweweseka huja siku ya pili hadi ya nne. Siku hizo si za kumpima akili, wala si za kumweleza dawa tano kwa mkupuo. Tungoje walau majuma mawili bila pombe, kisha tumpime tena baada ya miezi, kwa sababu ubongo huendelea kurudi polepole hata kufikia mwaka.

Kitu kimoja tu hakingoji: vitamini B1. Mnywaji anayekula kidogo huishiwa nayo. Akichanganyikiwa, au macho yakichezacheza, au akiyumba bila kuwa amekunywa, dalili moja inatosha kushuku. Tusisubiri zote tatu. Apewe kwa sindano, miligramu 200 hadi 500 mara tatu kwa siku, na itangulie seramu (dripu) ya sukari, maana sukari hutumia ile B1 kidogo iliyobaki. Kidonge peke yake hakitoshi, tumbo la mnywaji hukifyonza vibaya. Akikosa sindano hiyo anaweza kubaki asiyeweza tena kuhifadhi jambo jipya, akijaza mapengo kwa habari ambazo hazikutokea. Nyumbani watamwita mwongo. Hadanganyi.

Kuhusu kipimo chenyewe cha kumbukumbu na kufikiri, wengi hutumia MoCA, kilichochapishwa na Ziad Nasreddine na wenzake wa Montréal mwaka 2005. Kina alama 30, huchukua dakika kumi hivi, na 26 huhesabiwa kuwa sawa. Aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja, na hiyo husahaulika mno. Katika maneno matano ya kukumbuka, toleo la Kifaransa lina « velours » (mahameli) na « marguerite » (aina ya ua). Kwa mama wa sokoni hapa, Marguerite ni jina la jirani, si ua. Halafu kuna kuchora saa. Mgonjwa anatakiwa aonyeshe « onze heures dix », nasi tunamtafsiria: saa tano na dakika kumi. Akiupeleka mshale mfupi kwenye 5, amekosea tafsiri yetu, si akili yake. Kosa la kuangalia ni mshale mrefu: akiuweka kwenye 10 badala ya 2, amevutwa na neno « kumi », na ubongo wa mbele umeshindwa kumzuia. Kwa hiyo kwanza tumwonyeshe saa ya ukutani, tukubaliane inasomwaje.

Tuangalie pia anavyosahau. Mwenye sonona hujibu polepole, lakini ukimdokezea (« ni rangi ») mara nyingi neno linarudi. Aliyeharibiwa na ukosefu wa B1, dokezo halimsaidii sana.

Tena dawa zetu zenyewe zinachangia. Artane, dawa ya kuzuia kukakamaa kunakoletwa na dawa za akili, inayotolewa pamoja na haloperidoli (dawa ya akili) kwa mazoea, inapunguza kumbukumbu. Wengi hawaihitaji kila siku. Diazepamu ya kulalia vilevile. Zipunguzwe na aliyeziandika, kidogo kidogo, kwa maana kukata diazepamu ghafla kunaweza kuleta mishtuko ileile. Na anayekunywa lithiamu, dawa ya baipola, akianza kutetemeka sana na kuchanganyikiwa baada ya kuhara, au baada ya kumeza ibuprofeni, si lazima awe amerudia pombe: lithiamu inaweza kuwa imezidi mwilini. Aisimamishe, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, apimwe damu.

Wahudumu wenzetu, tumpe neno moja kwa wakati, alirudie kwa kinywa chake, ndipo tuongeze la pili. Dawa za mara moja kwa siku ni bora kuliko za mara tatu, zifungwe na jambo asilolikosa, kama chai ya asubuhi. Mtu mmoja wa nyumbani, ajulikane ni nani, ahesabu vidonge kila Jumapili. Tarehe ya kurudi iandikwe kwa herufi kubwa ibandikwe mlangoni, isifichwe ndani ya fishi, karatasi ya hospitali.

Wauguzi wa afya ya akili,
Bukavu