Asante, mzee wa karakana ya reli ya Nalukolongo, Kampala

Kichwa cha treni cha dizeli, mkongwe tangu enzi za Reli ya Afrika Mashariki, kilianza kupoteza maji ya kupozea injini na oili ikawa nyeupe kama maziwa, ishara kwamba maji yanaingia ndani yake. Wengi walilaumu gasketi, yaani bamba la kuziba maungio ya injini. Mzee wetu mstaafu alikataza kufungua chochote kabla injini haijapoa, kwani mvuke wa oili ya moto unaweza kulipuka hewa ikiingia. Kisha akafungua vifuniko vya pembeni, akatia presha kwenye maji, akamulika chini ya kila laina, yaani bomba la ndani la silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Moja ilidondosha: mipira yake ya kuziba ilikuwa imekakamaa. Akaibadilisha, akamwaga oili yote, akakagua beringi. Tena akaandika kwenye daftari la kichwa hicho tarehe na namba ya silinda, ili fundi ajaye asibahatishe. Asante sana, mzee. Nanyi mafundi, madaftari ya zamani msiyatupe.